"Mimi" Si Jibu

Zamani, yaani mwaka juzi, kabla ya Ramadhani,
ofisi yetu ya Shimanzi ilikuwa na lango moja tu.
Ukishapita pale, umeshapita.
Neno lako la siri ulitaje asubuhi, kompyuta ikuitikie karibu,
kisha uzurure hadi jioni: mishahara, manifesti, ankara za wateja,
hata barua za Bwana Nassoro mwenyewe,
kama paka wa Marikiti, hakuna amwambiaye mbona.

Mwizi naye aliingia vivyo hivyo.
Alikuja na jina la Mwakio wa hesabu.
Barua pepe moja, imeandikwa kiungwana:
meli yenu imetia nanga, bonyeza hapa uthibitishe ushuru.
Na Mwakio, miaka kumi na minne kazini, miwani juu ya kipaji,
akabonyeza.
Lango lilimwona mgeni amevaa kanzu ya mwenyeji,
likamsogezea kiti.

Makontena mawili ya vigae yalitoka bandarini Ijumaa
kwa karatasi halali, kila mhuri mahali pake.
Jumatatu tukaanza kutazamana.
Mwakio akawa anakula peke yake,
mgongo kwetu, viazi karai vikimpolea kwenye gazeti.

Nikapewa kazi mimi, fundi wa mitandao.
Lile lango sikulibomoa; nililishusha cheo.
Nikatia mlango katika kila chumba,
na kila mlango nikaufundisha kuuliza:
Nani?
Si asubuhi tu. Kila mara.
Na kwa chombo gani, kutoka wapi, wataka nini humu,
utakaa kwa muda gani.
Karani wa ghala hana haja na mishahara: asiione.
Na anayejibu "Mimi" arudishwe, kwa adabu, alikotoka.

Wiki ya kwanza walinichukia.
Kadzo wa mapokezi aliniita askari kanzu.
Bwana Nassoro alipiga kutoka Kizingo,
simu ya mpwawe mkononi, sauti imepanda:
"Kampuni niliyoianzisha kwa meza moja na kalamu
leo yaniuliza mimi ni nani?"
Ndiyo, Bwana, yakuuliza.
"Hainiamini?"
Haimwamini mtu. Hata mimi niliyeifunga;
jana nimetoka kunywa kahawa, niliporudi imenisahau.
Akakata.

Kisha usiku wa Jumatano, saa nane na dakika kumi,
Mwakio alibisha hodi kwenye chumba cha kutolea mizigo.
Yaani jina lake lilibisha.
Neno la siri sahihi, lile jipya, herufi kwa herufi;
mpaka leo sijui walilipataje.
Mlango ukauliza: chombo gani hiki? Sikijui.
Mbona saa hizi? Mbona huku, nawe wa hesabu?
Ukapeleka swali Changamwe,
kwenye simu iliyolala chini ya mto,
karibu na sikio la Mwakio mwenyewe.
Akaamka, akasoma kwa jicho moja: Ni wewe?
Akabonyeza: Si mimi.

Asubuhi nikalichapisha daftari la milango,
kila hodi na saa yake, kila jibu,
nikaliweka mezani mbele ya wote.
Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno.
Kadzo alinunua mahamri kumi na mawili
akaanza kugawa kwenye meza ya Mwakio.

Nimelifikiria sana jambo hili.
Sisi tuliomwamini ndio tuliomshuku.
Kile kisichomwamini mtu ndicho kilichomtolea ushahidi.
Sijui kama hiyo ni hekima au ni aibu yetu.

Jioni nikafika Kibokoni, mikono imejaa,
nikagonga kwa kiwiko.
"Nani?" Shangazi, kutoka juu.
"Mimi."
Kimya. Komeo halikusogea.
"Mimi nani?"